Benchi la Watu Wawili

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Utotoni walikuwa kama paka na panya. Baba alipochoshwa na kelele zao aliwatengenezea benchi fupi la watu wawili, akalielekeza ukutani. Wakigombana walikalishwa hapo, wote wakitazama ukuta, mpaka mmoja acheke. Kila mara dada ndiye aliyetangulia kucheka, hata pale alipokuwa ameonewa yeye.

Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda hicho kuanzia 1975 hadi 1981, kisha chuo cha ufundi. Mwaka 1987 alihitimu ufundi bomba, msichana pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja. Kazi yake ndiyo iliyomsomesha mdogo wake hadi chuo kikuu. Hilo lisisahaulike, maana mwenyewe aliyesomeshwa aliwahi kulisahau.

Alifanya kazi miaka thelathini na miwili, kumi na minne ya mwisho akiwa msimamizi wa mafundi, na tangu mwanzo kila mradi alikwenda na lile benchi la baba. Fundi bomba na fundi umeme wakivutana nani atangulie kupita darini, yeye hakupaza sauti. Alibandika ramani ukutani, akawaambia, "Kaeni. Tazameni ramani, msitazamane nyie." Kisha alimuuliza kila mmoja kama amekula, na kama nyumbani wameamka salama, kwa sababu alijua ugomvi mwingi wa kazini mtu huja nao kutoka kwake. Ukimwambia fahali wawili hawakai zizi moja, alikujibu, "Zizi silijui mimi. Benchi wanakaa." Mafundi wakamwita Mama Benchi.

Tarehe 7 Desemba 1996 aliolewa na dereva wa lori la zege. Siku walipokutana mara ya kwanza, shemeji alikuwa amefika kazini amefura, zege linataka kugandia ndani ya lori, anapiga honi kama kichaa. Akakalishwa. Safari iliyofuata alishuka akaenda kukaa mwenyewe.

"Leo una kesi gani, bwana?"

"Sina. Nimezoea tu."

Walijaliwa watoto wawili.

Karatasi mliyonayo mikononi inasema kwamba mwaka 2019 alistaafu kwa hiari yake. Sentensi hiyo aliiandika mdogo wake, na si kweli. Tarehe 11 Juni mwaka huo walikuwa wakijenga wadi ya wazazi, mdogo wake akiwa meneja wa mradi, dada akiwa chini yake. Wageni wa kukagua jengo walikuwa waje kesho yake asubuhi. Meneja alikuwa hapati usingizi, kila akifungua mdomo ni kufoka. Dada alimwambia gundi ya mabomba haijakauka, wasubiri hadi kesho mchana. "Njoo tukae kidogo, mdogo wangu. Wewe leo hauko sawa." Akajibiwa mbele ya mafundi wote kwamba hapa si kwa baba. Meneja akaamuru maji yafunguliwe. Viungo vikaachia, dari ikaporomoka, maji yakaharibu umeme wote mpya.

Kikaoni wenye mradi walipouliza nani aliruhusu, meneja alimnyooshea dada yake kidole bila hata kupepesa macho. Fundi umeme mmoja akasimama. "Jamani, mbona sote tulisikia amri imetoka wapi?" Akafukuzwa siku hiyohiyo. Wiki hiyo dada naye akaondolewa kazini, benchi likatupwa stoo.

Shemeji alipomuuliza kwa nini alinyamaza, alisema, "Ningejibu pale, mafundi wangegawanyika na kazi ingekufa. Halafu yule ni mdogo wangu. Atakuja mwenyewe kuniambia." Akamngoja. Karibu miaka minne mdogo wake alizunguka barabara ya mbali ili asipite mlangoni kwake.

Tarehe 2 Februari 2023 alipatwa na kiharusi. Daktari hakusema kilitokana na nini, na mdogo wake hakuthubutu kuuliza. Alipokwenda kumwona alisimama miguuni pa kitanda, ameng'ang'ania simu. Dada, ulimi ukiwa mzito, alipapasa godoro pembeni yake. "Kaa upande huu." Akakaa. Wakatazama ukuta pamoja. Maneno yalimjaa mdogo wake kinywani, akaishia kusema kwamba mwaka huu mvua zimekuwa nyingi. Dada akacheka.

Alifariki asubuhi ya tarehe 17 Aprili, kabla hajaambiwa.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni fundi bomba, mjukuu mmoja, na mdogo wake, ambaye anaona haya kuhesabiwa humu. Ninyi mafundi mlioambiwa kwamba Mama Benchi aliharibu kazi, hakuharibu. Aliyeharibu ni meneja. Benchi limetolewa stoo, mguu wake uliovunjika umepigwa misumari, nalo ni lile pale mbele ya kaburi. Mazishi yakiisha, mdogo wake atakaa upande wa kushoto. Fundi umeme, upande wa kulia ni wako, ukiweza. Usipoweza, atakaa peke yake, na itakuwa haki.

Pumzika kwa amani, dada. Safari hii usitangulie kucheka.