Mchuzi Uliochujwa kwa Bitana

Usijifanye hukuona. Uligeuza uso dirishani, kama ulivyozoea. Fundi cherehani alikaa basini kwenye kiti kinachoelekeana na chako, kikapu mapajani, na kikapuni paka wake amelegea kama kitambaa kilicholowa. Alikuwa akimpeleka kwa dada yake, abadili hewa.

"Kwani humlishi?" kinyozi aliyekaa ubavuni pake akamchokoza.

"Weee! Huyu anakula mchuzi wangu uleule."

"Wenye vitunguu?"

"Mchuzi bila vitunguu si maji ya kunawia? Lakini namchujia kwa kitambaa cha bitana. Hakipiti hata kipande."

Kinyozi akacheka. "Dada yangu, ukichuja chai, majani hubaki kwenye chujio. Na chai je, inakwenda wapi? Kitunguu ni sumu kwa paka, na maji yake vilevile."

"Nani kakwambia, wembe?"

"Daktari wa mifugo. Kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, hathubutu kunidanganya. Hebu mfunue mdomo."

Fundi alikuwa na jibu kali ulimini, ila kidole chake kilishainua mdomo wa paka. Ufizi ulikuwa mweupe kama chaki yake ya kuchorea nguo.

"Kazaliwa hivyo," akasema, huku akiusugua ufizi kwa kidole.

"Hiyo ni damu inamwishia. Daktari yuko kituo hiki, shemeji. Nitakubebea kikapu."

"Shemeji yako nani? Wataka kuninyoa na mimi?"

Basi likasimama, mlango ukafunguka. Kinyozi keshainuka, fundi kakikumbatia kikapu, nusu amekaa, nusu amesimama. Na wewe magoti yako yameziba njia. Ondoa miguu! Mpishe mama wa watu, sasa hivi!