Wachukuzi Wanne na Kisigino Kimoja

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mzee Bado, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi saa. Tunalitaja hilo kwa sababu ni la kweli, si kwa sababu lilimsaidia.

Alianza shule ya msingi Januari 1959. Akiwa darasa la sita, mwalimu wa jiografia alimwita achore ramani ubaoni. Kengele ya kutoka ilipolia, wenzake walikuwa wamesinzia, naye alikuwa akifuta mto mmoja kwa mara ya nne.

"Unafanya nini wewe?"

"Unapinda vibaya, mwalimu."

Mwaka 1971 aliajiriwa na kiwanda cha uchapaji kuchora karatasi za kufungia bidhaa. Alidumu miaka kumi na moja, mpaka mwenye kiwanda cha sabuni mmoja alipongoja wiki tisa kwa kuwa povu la kwenye mchoro lilikuwa halijakaa sawa. Marehemu aliacha kazi kwa hiari ya mwajiri wake.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na fundi cherehani, mwanamke ambaye hajawahi kumwambia bibi harusi kwamba gauni bado. Walijaliwa watoto wawili. Chumba cha mbele waligawana: cherehani dirishani, turubai za kuchorea picha ukutani. Kwa hiyo kwa miaka arobaini mke alishuhudia yote. Marehemu aliamka saa kumi na moja alfajiri, akakoroga rangi kwenye sahani ambazo mkewe alizitafuta jikoni, kisha akaketi kuitazama picha mpaka saa tatu bila kuigusa. Alipaka hadi adhuhuri. Saa kumi jioni alichukua kisu akakwangua alichopaka.

"Haraka haraka haina baraka," alisema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," alijibiwa, cherehani ikiendelea kunguruma.

Mwaka 2017 maktaba ilimwagiza picha kubwa ya ukumbi wa ngazi: wachukuzi wanne wakipandisha kabati. Watatu walikamilika mwaka uleule. Wa nne, wa nyuma kabisa, alikuwa na kisigino cha kushoto. Kisigino hicho kiliinuka, kikashuka, kikageuka, kikakwanguliwa tena. Mkutubi mkuu alikuja kila mwezi, akanywa chai, akaondoka na neno lilelile: bado. Mwaka 2020 mkono wa marehemu ulianza kutetemeka, na daktari akasema utazidi. Tayari picha mbili za awali zilikuwa zimetoboka kwa kisu. Mke aliingiwa na hofu moja: kwamba hii nayo itatoboka, na isibaki hata moja ya kuonyesha mtu huyu alikuwa anaamkia nini.

Juni 2022 marehemu alilazwa siku tisa kwa homa ya mapafu. Siku ya nne mkewe alimpigia simu mkutubi. "Leteni gari," alisema, "kabla hajapata nafuu."

Marehemu alirudi akakuta ukuta na misumari. Siku ya tatu alisema, "Umenitoa uchi barabarani, mama watoto."

"Miaka mitano, baba! Hata mimba ina miezi tisa."

"Na huyu amezaliwa hana kisigino!"

Tangu hapo kila Alhamisi alikwenda maktaba, brashi mfukoni, na kila Alhamisi mlinzi aliichukua brashi mlangoni kwa heshima zote. Marehemu aliketi chini ya ngazi akakilaani kisigino kwa sauti iliyoruhusiwa na maktaba. Siku moja mchukuzi aliyekuwa akileta makasha ya vitabu alisimama kando yake.

"Mzee, huyu wa nyuma kapatikana hasa. Mzigo ukikuelemea ngazini, kisigino hakigusi chini. Unakitafuta tu."

Marehemu alirudi nyumbani amenuna. "Yule hajui kuchora," alimwambia mkewe.

"Lakini anajua kubeba."

Alhamisi iliyofuata alikwenda maktaba kama kawaida. Ila hakubeba brashi tena. Alipoombwa atie sahihi alikataa, na hakusema kama ni kwa hasira au kwa haya. Mkewe hakuuliza, aliogopa jibu.

Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 2 Februari 2023, saa mbili asubuhi, akiwa amevaa kiatu kimoja kwa ajili ya kwenda maktaba.

Juzi mkutubi alikuja kumwomba mjane aandike jina la marehemu pembeni mwa picha, maana wageni wanauliza. Alikataa. "Kuitoa niliitoa mimi," alisema, "na nitaulizwa. Kusema imekwisha, hilo lilikuwa lake."

Ameacha mjane, binti mkalimani, mwana fundi bomba, wajukuu watano, dada wawili, na turubai kumi na moja ambazo familia inaomba mtu asizikwangue.

Apumzike kwa amani, na safari hii asinyanyuke kurekebisha.