Qadir Amekaa Upande

Kibaraza cha mwokaji mikate pale Tangmarg hakikosi watu. Jumapili hiyo asubuhi chai ya chumvi ilikuwa inatokota, kila mzee kaficha ndani ya joho kangri yake, kijungu cha makaa ya kujipashia moto, na midomo iko kazini. Ghulam Qadir, mburuza sleji za watalii thelujini kwa miaka thelathini, alikuwa amekalia tako moja tu. Jumapili iliyopita alikwenda kwa siri kwa Afroza, binti anayefundisha kuteleza thelujini kwa ubao, akaanguka mara kumi na moja, na akanogewa. Leo alitamani kurudi, ila aliwaogopa hawa wenzake. Hapa jina la utani likikunasa, wajukuu wanalirithi, na yeye hadi leo alikuwa hajabandikwa.

— Jana nimemwona Afroza, alisema Nabir, aitwaye Redio. Kapita na ubao juu ya paa la banda lililofukiwa na theluji, kageuka kinyumenyume, katua kwenye gogo la mwerezi, kateleza nalo mpaka mwisho.

— Mlima una njia, yeye anapita paani, alisema Sula Chumvi, akijiongezea chumvi kikombeni.

— Halafu anafundisha wasiojua bure. Mbao anawaazima, glavu anawaazima. Kwa nini?

— Anatafuta mume, alidakia mzee mwingine.

— Kwa kuwaangusha?

— Eee. Atakayeinuka mara nyingi ndiye huyo.

— Wapi. Binamu yake anaunga mifupa. Anampelekea wateja.

— Mimi nasema katumwa na mlima wenyewe. Umechoka na watalii, unataka wenyeji.

— Qadir, mbona kimya? Na mbona umekaa upande kama kuku anayetaga?

— Baridi imeniingia nyonga.

Mama mmoja wa makamo alishuka kwenye gari la kutoka Baramulla, kavaa viatu vya mpira.

— Asalaam aleikum, kaka zangu. Naenda kwa Afroza. Ubao sijawahi hata kuushika. Mtu kama mimi anaanza na nini?

Redio alimtazama Chumvi. Chumvi alijiongezea chumvi tena. Msimu wa tatu huu wanamjadili Afroza, na ubao wake hawajaugusa. Mama alisubiri, kisha akaanza kuona haya, akarudi nyuma hatua moja kuelekea garini. Qadir alimwonea uchungu.

— Unaanza kwa kutoa kangri, alisema. Makaa na kuanguka havipatani. Afroza anazipanga zote kando ya gogo, anazifukia majivu zisizimike. Halafu anakufundisha kuanguka. Usijikinge kwa mkono, dada. Kaa tu chini.

— We umejuaje? aliuliza Redio.

Qadir aliinuka kwa kujishika nyonga.

— Twende, dada. Na mimi naelekea huko.

Hawakuwa wamefika mbali Qadir alipomsikia Redio nyuma yake akilionja jina polepole, kama chai ya moto.

— Qadir Ubao.

Alitembea hatua tatu nne akilisikiliza. Wajukuu wangeweza kuishi nalo.