Nilikataa Kunyolewa kwa Mume Aliye Hai

Nilikipiga teke kile kibakuli. Maji yakamwagikia miguu ya shangazi wa mume wangu, na wembe ukaangukia kwenye majivu. Wanawake waliojaa uani wakarudi nyuma. Nikawaambia, "Nywele zangu hazitoki leo. Anayetaka kunyoa, ajinyoe yeye."

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu ambaye kaburi halikumweza. Mimi ni Keji, mama yake Poni, kutoka Midia, Koboko. Naanza na teke kwa sababu mmeniomba nishuhudie ukweli, na ukweli wangu haukuanza nikiwa nimepiga magoti.

Wapo kati yenu wasiojua mila yetu, basi niwaeleze. Kwetu mwanamke akikubali kunyolewa msibani, amekubali kwamba yeye ni mjane. Na mjane anarithiwa na ndugu wa marehemu, yeye na watoto na shamba. Huyo ndugu alikuwa shemeji yangu Wani. Ana wake wawili tayari. Wote wawili wanalima huku yeye anacheza karata Koboko. Ndiye niliyeandaliwa kuwa mke wake.

Mume wangu Duku ni askari. Walimpeleka upande wa Soroti wakati Poni anajifunza kutembea. Akaja likizo mara moja, akaniachia mimba ya Yosia, akarudi. Maisha yake ya huko nayajua kwa midomo ya watu, maana kila askari wa huku akipewa pasi ya kuja nyumbani hutumwa salamu za wenzake. Ndivyo nilivyojua kwamba wanakula posho, yaani ugali, na maharage asubuhi na jioni, kwamba akifua sare anaivaa mbichi kwa sababu hana nyingine, kwamba analala handakini na viatu miguuni. Mmoja aliniambia Duku ana gauni kuukuu la Poni, analifutia bunduki. Nilicheka, kisha nikaingia jikoni nikalia. Mimi nalima muhogo, yeye analinda barabara ambayo sijawahi kuiona, na mtoto anauliza baba ana sura gani.

Nikavumilia. Mke wa askari anafundishwa kuvumilia kama anavyofundishwa kupika.

Halafu likaja sanduku.

Mfanyabiashara mmoja wa Koboko alituma neno kwamba lori limeshusha masanduku ya chuma dukani kwake, na moja limeandikwa jina la Duku. Dereva hakusema kitu, alikuwa na haraka ya kuvuka mpaka. Wani akaenda na baiskeli, akalileta. Mama mkwe alipoliona linaingia uani peke yake, alianguka chini akapiga yowe, na kijiji kizima kikaja.

Ndugu zangu, msimcheke. Ukoo ule ni wa askari tangu babu. Mwaka wa sabini na tisa, jeshi la zamani liliposambaratika, sanduku la mdogo wake baba mkwe lilirudi hivyo hivyo, na mwenyewe hajarudi mpaka leo. Kwao sanduku lisilo na mwenyewe ni maiti. Hawakuuliza. Kesho yake wakakata tawi wakaliweka barabarani kuwa alama ya msiba, wakaanza matanga.

Mimi nilingoja watu wapungue, nikalifungua. Mashati yamekunjwa madogo madogo, kola ndani, vile Duku anavyokunja na vile nilivyogombana naye tangu tuoane kwa sababu yanatoka na mikunjo. Katikati ameweka kipande cha sabuni. Blanketi halimo. Sufuria lake dogo halimo. Kijiko hakimo. Nikakaa pale nikifikiri. Askari akifa, wenzake wanatupia vitu vyake sandukuni, blanketi na kijiko pamoja. Huyu amepanga mwenyewe, na amebaki na vitu vya kulia na kulalia.

Nikamwita Wani nikamwonyesha. Hata hakuinama kutazama.

"Wewe nasoma sekondari, sasa nataka kufundisha sisi vita," akasema. "Sanduku nakuja peke yake, mutu amekufa. Mama Poni, lia kama wanawake wengine."

"Mtu aliyekufa anakula na kijiko gani?" nikamuuliza.

Akaondoka. Jioni ile ile akachukua jembe akachimba shimo mbele ya mlango wangu, la kuzikia sanduku, kwa kuwa mwili haukuwepo. Matanga hayajaisha, akaingia kwenye shamba la Duku la bondeni akapanda simsim, ndio ufuta. Kesho yake wakaniletea wembe. Hapo ndipo lile teke.

Lakini nisiwadanganye. Baada ya teke niliingiwa na woga. Kijiko si ushahidi. Nilikuwa na hasira, sikuwa na hakika. Jirani yangu Mama Zubeda, Mwislamu, ndiye aliyenishika mkono. Akamchukua Poni, akanipa shuka la kumbebea Yosia, akaniambia niende Arua kwenye kambi ya jeshi, nikaulize wenye watu wao. "Kama amekufa, wao ndio wakwambie," akasema. "Si Wani." Nikapanda lori la tumbaku.

Pale getini askari wa zamu aliniangalia na mtoto wangu na vumbi langu.

"Mama, hapa iko kambi, hapana soko. Enda nyumbani."

"Nyumbani wamenichimbia kaburi mlangoni," nikamwambia. "Nitakaa hapa."

Nikaketi chini, upande wa pili wa barabara, mahali ambapo kila gari linaloingia lazima linione. Jua likanipiga. Askari walipita wakitania, mmoja akaniuliza kama natafuta mume au naleta karanga. Niliomba, ndugu zangu, lakini si maombi mazuri. Nilimwambia Mungu: Wewe unajua aliko. Kama umemchukua, niambie Wewe, nitalia na nitanyolewa. Kama hujamchukua, kwa nini unanyamaza wakati wananigawa kama mbuzi? Niliomba hivyo mpaka maneno yakaisha.

Na yalipoisha, ukaja utulivu. Sijui niuelezeje. Hasira haikuondoka, ila ilikaa chini, kama mtu aliyepewa kiti. Sikuwa nimesikia habari yoyote bado, lakini nilijua sitarudi Midia bila jibu, na jibu lolote nitalibeba. Huo ndio wokovu wangu, hata kabla ya yale yaliyofuata. Mungu alinitoa kwenye woga wa watu nikiwa nimeketi kwenye vumbi.

Gari la mkubwa mmoja likasimama. Akauliza huyu mama amekaa kufanya nini tangu asubuhi. Yule wa getini akaona haya kujibu, nikajibu mwenyewe. Mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimfuate.

Tukaingia chumba cha redio. Kijana wa redio akaita, akangoja, akaita tena. Mlio ule wa redio, kama upepo, mpaka leo nausikia masikioni. Nilimshika Yosia mguu kwa nguvu mpaka akalia. Kisha kijana akasikiliza, akaandika kidogo, akanigeukia.

"Iko. Leo ni zamu yake ya kupika."

Sikuelewa. Akarudia. "Mume wako iko hai, mama. Anapikia wenzake maharage. Anauliza kama sanduku limefika."

Nikakaa sakafuni. Yule mkubwa akaeleza kwamba kikosi kile sasa kinatembea kwa miguu porini, kwa hiyo wote waliamriwa wapeleke masanduku makwao na kubaki na mizigo ya mgongoni. Basi. Hicho ndicho kifo tulichokililia.

Askari mmoja wa Koboko aliyekuwa anakwenda likizo alipanda lori pamoja nami, akafika uani kwetu akawaambia kwa mdomo wake. Mama mkwe alinikumbatia, akaomba niketi naye, tukala pamoja. Shangazi aliuokota wembe akaondoka. Wani akasema tulikosea, mambo yameisha. Lakini shimo likabaki mlangoni kwangu, na simsim ikabaki inaota shambani, kwa sababu eti akiisha kupanda lazima avune.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenisikia nikiomba vibaya. Wewe unayekaa leo na habari ambazo hazijathibitishwa, mwenye mume au mtoto mbali, usikubali watu wakuzikie kabla Mungu hajasema. Mwulize Yeye, hata kama unauliza kwa hasira. Mtegemee. Mimi nilimtegemea nikiwa sina kitu isipokuwa kijiko ambacho hakikuwemo.

Wazee wa kanisa waliniambia, Mama Poni, Mungu amekushindia, samehe, unyamaze. Nimesamehe. Kunyamaza sikuahidi. Nilikwenda kwenye baraza la kijiji, mbele ya mwenyekiti na kamati, Wani ameketi kwenye benchi, nikasimama nikatoa mashitaka yangu kama ifuatavyo:

"Mimi Keji, mke wa Duku, namshitaki shemeji yangu Wani. Kwanza, kwa kutangaza kifo cha askari bila kuuliza jeshi. Pili, kwa kulima shamba la mtu aliye hai. Tatu, kwa kuniletea wembe ili nihesabiwe mke wake bila idhini yangu. Naomba simsim yote ivunwe na mama mkwe, iwe yake. Naomba iandikwe kwamba katika kijiji hiki mke wa askari hatanyolewa mpaka jeshi lenyewe litoe habari. Na lile kaburi aliloliacha mlangoni kwangu, naomba Wani alifukie yeye mwenyewe, kwa mikono yake, mchana, watu wakiwepo, na Poni akiwepo, ili mtoto aone kwamba hamna mtu mle."