Bingwa wa Damu Nzito wa Kliniki ya Kifua Anastaafu

Ndugu Ludovick Massawe, mpimaji wa pumzi katika Kliniki ya Kifua ya hospitali yetu, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuwapigia kelele wagonjwa. Mimi nakaa mapokezi, chumba cha jirani, na ukuta wetu ni wa mbao. Kelele hizo nimezisikia zote, kwa hiyo nina haki ya kuandika.

Alizaliwa Machame, akasoma Moshi, akaja Arusha akiwa kijana mwembamba mwenye shati lililonyooka. Kazi yake ni kumkalisha mgonjwa, kumpa mrija na kumtaka apulize hewa yote iliyomo kifuani, ili mashine ioneshe hali ya mapafu yake. Wenzake huifanya kwa upole. Ludovick aliifanya kama kocha ambaye timu yake imeshafungwa mawili. Akina mama wa magharibi ya Meru, waliopikia kuni ndani ya nyumba maisha yao yote, walifika hawana pumzi hata ya kuitikia salamu, naye akawaambia wapulize, waendelee, wasimwachie njiani. Alipuliza pamoja nao, bila mrija, mashavu yamejaa. Miaka ya karibuni mara nyingi aliyeanza kukohoa ni yeye, na mgonjwa ndiye aliyempa pole.

Kikohozi hicho hakikuwa na siri yoyote. Kila asubuhi, chai ikishanyweka, mtaalamu wetu wa pumzi alitoka kwenda kuangalia jenereta. Sidhani kama kuna jenereta nyingine nchini iliyoangaliwa kwa bidii namna ile, tena umeme ukiwepo. Alirudi ananuka sigara na pipi kifua, akaketi, akamweleza mgonjwa anayefuata madhara ya tumbaku. Alieleza vizuri sana, hilo tumpe.

Lakini kilichompa jina hasa ni damu. Kila mwaka tuna Siku ya Afya ya Watumishi. Tunapimwa presha, sukari na wingi wa damu, na kwa utaratibu ambao hakuna anayekumbuka uliletwa na nani, mwenye damu nyingi kuliko wote hupewa kreti ya soda. Ludovick aliichukua kreti hiyo miaka sita mfululizo. Damu ilipanda kila mwaka, na mabega yake yakapanda nayo. Alisema siri ni mtori wa kwao, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Simel wa stoo, Mwarusha aliyeshika nafasi ya pili kila mara, alisema mtori ni chakula cha wanawake waliojifungua, na kwamba bila supu ya mbuzi yenye mizizi mtu asizungumzie damu. Walibishana mpaka Krismasi. Idara nzima ya kifua tulipiga makofi, mabingwa wakiwa meza kuu.

Na sisi ndio watu ambao kila siku tunawafundisha wagonjwa kwamba mapafu yakichakaa na hewa isipofika vizuri mwilini, mwili hujitetea kwa kutengeneza damu nyingi kupita kiasi. Damu hiyo huwa nzito, na moyo hupata taabu kuisukuma. Somo hilo tunalijua kwa moyo. Lilipokuja kazini limevaa koti letu jeupe, tulilizawadia soda.

Novemba iliyopita alikuwepo Dokta Simaloi, ambaye alikuwa na mwezi mmoja tu kwetu. Kreti ilipotolewa hakupiga makofi. Alimfuata Ludovick, akamwamkia, akamwomba aweke kidole kwenye kile kibanio kinachopima hewa iliyomo kwenye damu. Ludovick alijibu kwamba vidole vyake vina baridi na kipimo kitadanganya. Jua la siku hiyo lilikuwa linayeyusha lami.

Aliyemweza ni mke wake, Mama Brightness. Nyumbani kwao Njiro alikuwa ameona mumewe analala ameketi, na miguu imevimba mpaka viatu vya kanisani havimwingii, huku akimwambia kila mtu kuwa ni uzee. Jumatatu moja alimleta mwenyewe mapokezi, akanikabidhi kama mzigo wa basi, akasema haondoki mpaka apimwe.

Dokta Simaloi alimwambia mbele yetu: "Baba, hiyo damu siyo ya ushindi. Hewa haifiki, ndiyo maana mwili unaongeza damu. Naomba ukae upulize."

Alikaa kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia. Muuguzi wetu, Sista Skolastika, ndiye aliyempigia kelele, na hakumhurumia hata chembe. Pumzi ilikatika mapema mno. Kisha alitolewa damu tena, safari hii kutafuta kemikali ambayo moyo huitoa ukielemewa. Jibu lilirudi likiwa juu, na picha ya moyo ikaonyesha kuwa upande unaosukuma damu kwenda mapafuni umetanuka. Dokta alimwambia wazi kwamba akiendelea na sigara, huenda asiione Krismasi ya pili ya kustaafu kwake.

Ludovick akasema: "Kwa hiyo mtori hauhusiki."

Tulicheka. Mama Brightness alikuwa analia, tukaona aibu.

Tangu hapo anatumia dawa, ana mashine ya oksijeni nyumbani, na inasemekana ameacha sigara. Naandika inasemekana kwa sababu namfahamu. Ila nakiri kwamba tangu Januari hakuna aliyekwenda kuangalia jenereta, na juzi iligoma kuwaka.

Mwaka huu Siku ya Afya iliwahishwa Mei ili awepo. Miguu yake ilikuwa ndani ya viatu vya kanisani. Damu imeshuka, akawa wa tisa, na makofi aliyopata yalistahili. Simel alikuwa wa kwanza. Alinyoosha mkono kupokea kreti, Ludovick akaushika mkono huo, akamvuta hadi chumbani kwake, akamkalisha na kumpa mrija. Kelele zilisikika mpaka Kijenge. Utawala umeifuta zawadi hiyo na kutujulisha kwamba tatizo walikuwa wameliona zamani.

Kaka Ludovick, asante kwa kila pumzi uliyoitoa kwa watu wengine. Tumewazika wengi tuliowapima hapa na tumezoea, lakini wewe hatutaki kukuzika, na hilo hatutalizoea. Tunakutakia maisha mema na marefu. Kuanzia Julai unakuja kliniki kila Alhamisi kama mgonjwa, na utakaa kwenye benchi kama wengine. Usipoonekana, tutakuja Njiro, na Mama Brightness ametuambia tusibishe hodi.