Fundi Tepu, Aliyeitafuta Sauti ya Mama Yake (1972–2024)

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Fundi Tepu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1972, kitinda mimba wa mama aliyekuwa mfagizi katika taasisi ya utafiti wa lugha. Mama huyo alifariki Februari 1978. Dada yake, ndiye anayewasomea haya, akabaki kumlea. Kila mara mtoto aliuliza, "Dada, mama alikuwa anaongeaje?" Dada alijaribu kumwiga, akaishia kulia.

Alisoma shule za mtaani kwao, akahitimu ufundi wa elektroniki mwaka 1994. Alikuwa mcheshi, mbishi kupindukia, na chai ya kupika yeye ilikuwa adhabu.

Mwaka 1995 aliajiriwa katika taasisi ileile. Siku alipoagizwa kutupa tepu za zamani za kompyuta, alikuta moja imeandikwa jina la mama yake. Kumbe watafiti walimrekodi mfagizi wao akisoma maneno! Aliomba tepu hiyo na mashine ya kuisomea, kubwa kama kabati, akavipeleka nyumbani.

Tarehe 6 Desemba 1999 alifunga ndoa. Mkewe akaikuta mashine imeshatangulia, akaiita "mke mwenzangu". Kompyuta haikuweza kuongea nayo moja kwa moja. Ilitaka kidhibiti cha kutoa amri, na fomata ya kuzipokea na kuyapanga yaliyosomwa. Fundi alivisaka vifaa hivyo miaka na miaka, akaviunganisha, mashine ikakaa kimya. Utani ukamwisha mkewe. Alijikuta akipita mlangoni pa chumba cha mashine anasema, "Hodi, mama," halafu anaogopa.

Mwaka 2021 ndipo Fundi alipogundua kwamba nyaya mbili pana za fomata, pacha kwa sura, alikuwa amezichomeka moja mahali pa nyingine. Kosa alilowafokea wanafunzi wake wa ufundi kila siku! Alicheka hadi akakaa sakafuni. Gurudumu la mashine likazunguka.

Hata hivyo, tepu ya mama hakuiweka. Alisema utandu wake unaobeba sauti unabanduka, ikisomwa mara moja basi. Dada alipombana, alisema kweli: "Dada, nikishamsikia, hatakuwa na la kuniambia tena."

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023, akawa mtu wa kulazwa na kuruhusiwa. Jumamosi, tarehe 18 Mei 2024, alimwita dada yake. "Njoo. Mimi sauti siijui. Wewe ndiye utaniambia kama ni yeye."

Tepu ilizunguka ikimwaga vumbi la kahawia. Kisha spika ikasema: "Maji. Mlango. Chumvi."

"Ndiye," dada alisema. "Wallahi, ndiye."

Ndani ya tepu mtoto akaanza kulia. Mwanamume akauliza, "Tumtoe nje?"

"Mwacheni alale hapahapa kwangu," mama akajibu. "Hanisumbui."

"Kumbe nilikuwepo," Fundi alisema, akafumba macho. Dada alidhani anasikiliza. Alifariki pale pale kitini, jioni ile.

Ameacha mke, binti mmoja na dada. Dada aliponyoosha mkono kuizima mashine, mjane alimshika. "Waache, wifi," alisema. Hadi asubuhi ya leo inawaka.

Apumzike kwa amani, huko kwa mama yake.