Bip ya Bafwasende

KASWERA: Haloo? Ni nani?

LÉOPOLD: Haloo, haloo? Unanisikia?

KASWERA: Namba hii siijue. Ni nani?

LÉOPOLD: Ni mi— [mtandao unakwaruza] —nasema ni—

KASWERA: Papa, ngoja. Kama ni habari ya camion ya mizigo ya kutoka Butembo, usizunguke. Niko nimekaa chini tayari. Sema tu.

LÉOPOLD: Mama Élie, ni miye.

KASWERA: Miye nani?

LÉOPOLD: Miye bwana yako. Léopold.

KASWERA: Watu wanajuaka kuiga sauti.

LÉOPOLD: Nani ataiga sauti yangu? Kwa faida gani?

KASWERA: Siku ya kuondoka, ulisahau nini?

LÉOPOLD: Torchi. Ukakimbia nayo mpaka kwa camion, kitambaa kikaanguka njiani, shofere Timothée akacheka nywele yako.

KASWERA: [anavuta pumzi] Ee Mungu. Ee Mungu wangu.

LÉOPOLD: Jambo basi.

KASWERA: Jambo... Jambo sana. Uko wapi?

LÉOPOLD: Nia-Nia. Hii simu ni ya papa mumoja, Eddy, anauzaka esansi ya pikipiki hapa kando ya barabara. Yangu ilianguka ndani ya tope tukisukuma camion. Imekunywa maji, haiwake tena. Watoto?

KASWERA: Wako. Tangu Mambasa hukubipa.

LÉOPOLD: Nimekuambia, simu—

KASWERA: Tulipatana, Papa Élie. Kila mahali iko réseau ya simu, bip moja. Sikuomba maneno. Bip moja tu, ilie mara moja na ukate.

LÉOPOLD: Simu ilikuwa ndani ya tope, mama. Ningebipa na kiatu?

KASWERA: Usinichekeshe, niko nalia.

LÉOPOLD: Na hizo nyimbo za kanisa? Leo si dimanche.

KASWERA: Ni redio.

LÉOPOLD: Redio inakohoa?

KASWERA: Ni wamama wa Legio ya Maria, wa kanisa.

LÉOPOLD: Wanafanya nini kwetu?

KASWERA: Wamekaa.

LÉOPOLD: Wamekaa wapi?

KASWERA: Chini. Kwa mikeka.

LÉOPOLD: Mama Élie. Nani amekufa?

[nyimbo zinasikika]

KASWERA: Bon. Wewe.

LÉOPOLD: Nini?

KASWERA: Sikuwaita kwa matanga, naapa. Nilifunga magasin, nikakaa kwa udongo, nikalia. Unajua mutaa yetu ya Mangobo. Mutu akilia chini, jirani analeta mukeka. Mukeka ikitandikwa, mwingine analeta kuni. Moto ikiwaka, nani tena atasimama na kuuliza maiti iko wapi?

LÉOPOLD: Hakuna hata mumoja aliuliza?

KASWERA: Mama Annette aliuliza. Nikamwambia tangu Mambasa hujabipa. Akafunga kitambaa kiunoni, akaanza wimbo.

LÉOPOLD: [anacheka, kisha anakohoa] Na wanasema nini juu yangu?

KASWERA: Eti ulikuwa mupole.

LÉOPOLD: Nani anasema?

KASWERA: Tonton Abdulhamid wa boutique ya kando.

LÉOPOLD: Yule? Tuligombana mwaka muzima juu ya maji ya mvua ya bati yake.

KASWERA: Ameleta sukari na majani ya chai. Amelia kuliko miye.

LÉOPOLD: Vraiment. Basi kufa si kubaya—

KASWERA: Usiseme vile.

LÉOPOLD: Nacheza tu.

KASWERA: Usicheze na hiyo. [honi ndefu ya camion] Nani anapiga klaxon?

LÉOPOLD: Timothée. Motere inawaka, tunaondoka sasa.

KASWERA: Na convoi?

LÉOPOLD: Convoi ni ya kesho asubuhi. Askari wa kutulinda njiani wanangoja camions zingine zilizobaki nyuma.

KASWERA: Donc munaondoka na nani?

LÉOPOLD: Peke yetu. Tukitoka sasa, tutafika Bafwasende jua ingali juu. Katikati hapa hakuna réseau, lakini kule nitakopa simu nikubipe.

KASWERA: Lakini umekwisha kuniita. Nakusikia. Juu ya nini tena kukimbia?

LÉOPOLD: Hii ni Nia-Nia. Sheria si yangu, ni yako: kila mahali bip moja. Nikilala hapa, usiku kucha hutapata bip ya Bafwasende. Leo wameleta mikeka. Kesho mutaanza kuchimba kaburi.

KASWERA: Ni Timothée alitaka kuondoka, ao ni wewe?

LÉOPOLD: Timothée anataka kulala. Ni miye.

KASWERA: Juu yangu.

LÉOPOLD: Sikusema vile.

KASWERA: Mbona unahema?

LÉOPOLD: Nani?

KASWERA: Wewe. Kama mutu aliyepanda mulima na gunia.

LÉOPOLD: Ni malaria. Haiko kitu.

KASWERA: Malaria ya namna gani?

LÉOPOLD: Malaria, mama. Mikono inatetemeka, moyo inapiga, kifua kama mutu amekaa juu. Usingizi hakuna. Nilinunua quinine—

KASWERA: Umeinywa?

LÉOPOLD: Nimeinywa.

KASWERA: Na masikio sasa inavuma.

LÉOPOLD: Inavuma. Gisi gani umejua?

KASWERA: [taratibu] Ile malaria naifahamu. Tumelala nayo kitanda kimoja.

LÉOPOLD: Unasema?

KASWERA: Ilianza saa ngapi?

LÉOPOLD: Nitajue saa? Ilianza... simu ilipoanguka. Ilizima ndani ya mukono yangu, nikasema, sasa Kaswera ananihesabu kati ya wafu. Tangu pale.

KASWERA: Kabla ya pale ulikuwa muzima?

LÉOPOLD: Muzima. Hapana. Kila mara kama hakuna réseau, inakuja kidogo. Naangalia simu kila mara. Timothée ananicheka, anasema nimeoa simu.

KASWERA: Na hukuniambia.

LÉOPOLD: Mwanaume atasema nini? Eti naogopa kukosa bip?

[mtandao unakwaruza]

KASWERA: —unanisikia? Sikiliza basi. Unakumbuka quinine yote nimeweka mwaka huu?

LÉOPOLD: Nakumbuka. Infirmier wa kwetu amejenga nyumba na pesa ile.

KASWERA: Nilikuwa nafika, nasema moyo inapiga, ananitundikia serum ya quinine. Masikio inavuma, moyo inazidi, mi nasema aah, basi ni malaria kali, waongeze. Nikatoka nikitembea nikishika ukuta. Mpaka nikaenda kwa Mama Agathe.

LÉOPOLD: Wa dispensaire ya paroisse? Uliniambia unaendaka kwake juu ya tension ya damu.

KASWERA: Niliona haya. Muke wa commerçant, magasin imejaa chumvi na sabuni, atasema anaogopa kitu hakioneke? Wangesema ni bazimu. Wangenipeleka kwa chumba cha maombi, nifunge bila maji.

LÉOPOLD: Alisema nini?

KASWERA: Aliangalia damu, hakuna malaria. Akaniuliza, mama, malaria yako inaanzaka wakati gani? Nikafikiri. Inaanzaka camion ikitoka. Inapona simu ikibipa. Akaniangalia vile, akasema: Mi bado sijaona mbu anayejua safari za bwana yako.

LÉOPOLD: [anacheka kidogo] Ule mama.

KASWERA: Nilikasirika. Nilirudi na baiskeli ya toleka mpaka nyumbani bila kumuaga. Lakini maneno ilibaki ndani ya kichwa.

LÉOPOLD: Na dawa? Alikupa dawa gani?

KASWERA: Alisema ikishinda, atanituma kwa munganga wa mambo ya kichwa, na si aibu. Lakini kwanza alinifundisha. Unakaa, unatia miguu chini, unasikia udongo. Unavuta pumzi, halafu unaiacha itoke polepole, ndefu kuliko vile iliingia. Unagusa kitu kilicho karibu na kukitaja. Hii ni gunia. Hii ni mukeka. Hii ni mukono yangu.

LÉOPOLD: Na inasaidia?

KASWERA: Mara inasaidia. Mara hapana. Tangu jana haisaidii, unasikia nyimbo.

[klaxon]

LÉOPOLD: Timothée, ngoja! Nakuja. Mama Élie, mafuta imetiwa, lazima—

KASWERA: Bado. Alisema kitu kingine, sikutaka kukisikia. Alisema bip haiponyeshe woga, inailisha. Unamutupia mbwa mufupa ili anyamaze. Kesho anakuja tena kwa mulango, na njaa zaidi. Kila bip napumua kidogo, kisha naanza kungoja ingine. Sikukubali. Nikafikiri, Mama Agathe hajue. Hana mutu kwa barabara. Nikamufikiria Noël.

LÉOPOLD: Wacha Noël.

KASWERA: Mudogo yako alibipa, Papa Élie.

LÉOPOLD: Nimesema wacha.

KASWERA: Alibipa muzuri. Augustine, muke yake, alinionyesha simu. Muke akasikia bip, akashukuru Mungu, akapika. Na bwana akaacha convoi, eti jua ingali juu, na hakufika.

[motere ya camion inanguruma]

LÉOPOLD: Unajua alikuwa anakimbilia nini: bip ya mbele.

KASWERA: Najua.

LÉOPOLD: Usimwambie Augustine kamwe.

KASWERA: Augustine anajua. Yeye iko hapa. Tangu asubuhi anamenya ndizi ya kutwanga lituma, hajafungua kinywa. Wote wameimba, yeye tu hajaimba.

LÉOPOLD: [anahema]

KASWERA: Papa Élie? Uko?

LÉOPOLD: Niko. Kifua.

KASWERA: Kaa chini.

LÉOPOLD: Wapi? Kuko watu, wananiangalia.

KASWERA: Waangalie. Mutu aliyekufa hana haya. Kaa.

LÉOPOLD: [mtandao unakwaruza] —nimekaa. Juu ya bidon ya esansi.

KASWERA: Miguu chini?

LÉOPOLD: Chini.

KASWERA: Vuta. Acha itoke. Polepole, si kama kuzima mushumaa. Polepole. Mbele yako kuko nini?

LÉOPOLD: Chupa za esansi. Kuku. Mama anauza makala ya kupikia. Camion yetu, kamba ya bâche ya kufunika mizigo imelegea... Timothée anapiga miayo.

KASWERA: Vuta tena.

[pumzi ndefu inasikika]

KASWERA: Naogopa, Léopold. Bado naogopa, mikono ni baridi. Lakini kuogopa hakujaua mutu hapa Mangobo. Mwambie Timothée azime motere. Mulale na convoi. Mutoke na askari, na camions zingine, hata ikiwa kesho, hata ikiwa siku ingine.

LÉOPOLD: Na Bafwasende? Tukipita na convoi, hatusimame. Sitapata simu ya kukopa.

KASWERA: Basi usibipe.

LÉOPOLD: Unasema nini?

KASWERA: Nasema usibipe. Wala Bafwasende, wala mbele.

LÉOPOLD: Utaweza?

KASWERA: Sijue. Labda hapana. Nitakaa tena kwa udongo, watakuja tena na mikeka. Waje. Heri nikulilie ukiwa muzima.

LÉOPOLD: Kaswera...

KASWERA: Na hiyo quinine uiache. Ukifika, tutaenda kwa Mama Agathe pamoja.

LÉOPOLD: Mi niende kwa—

KASWERA: Pamoja. Utasema unanisindikiza, kama unaona haya.

LÉOPOLD: [anacheka] Bon. Likambo te, hakuna neno. [sauti ndogo: tii, tii] Ni unité ya simu ya Papa Eddy, inaisha. Haraka. Waambie hao watu warudi kwao.

KASWERA: Chakula iko motoni, nani atarudi? Wacha wakule matanga yako.

LÉOPOLD: Na Abdulhamid, mwambie ile maji ya bati—

KASWERA: Utamwambia mwenyewe. Timothée amezima motere?

LÉOPOLD: Namwambia sasa. Timothée! Zi— [mtandao unakwaruza]

KASWERA: Siisikie vizuri. Bado inanguruma ao ni simu?

LÉOPOLD: —mama, nasema kama tukiona nafasi kidogo tu, bip moja—

KASWERA: Hata moja. Utabisha kwa mulango. Léopold, motere imezimwa? Léopold, nisikilizishe mote—

[simu imekatika]

KASWERA: Haloo?

[kimya]

KASWERA: Haloo? Papa Élie?

[kimya]

KASWERA: ...Mama Annette. Simamisha wimbo kwanza. Hapana, hajakufa. Iko Nia-Nia... Sijue kama wameondoka. Sikusikia mwisho... Ndiyo, namba iko hapa. Ndiyo, niko na unité. Hapana, sitamurudishia simu... Hata kidogo. Wakati wake wa kubipa? Hatabipa.

[anavuta pumzi, anaiacha itoke polepole]

KASWERA: Hii ni mukeka. Hii ni mukono yangu. Augustine, mudogo wangu, shika hii simu, uende nayo kwako mpaka kesho. Hata nikikuomba na machozi, usinipe... Aksanti. Na ile lituma, kama imeiva, niletee sahani. Nitakula.